Baki amemng'ata mtoto wa jirani, sasa wanataka nimuue

BARUA

Assalaam aleikum dada yangu,

Mimi ni mkulima wa korosho na ufuta, nina miaka 57, naishi kijiji kimoja huku Mtama, mkoani Lindi. Barua ya namna hii sijawahi kuandika. Mtoto wa ndugu yangu ndiye anayeandika kwenye simu, mimi namtajia, kwa hiyo ukiona nimejirudia unisamehe.

Nina mbwa anaitwa Baki. Nilimwokota Mnazi Mmoja, pale barabara ya Masasi inapoachana na ya Mtwara. Gari lilikuwa limemkanyaga mguu wa nyuma, amelala mtaroni, bado mdogo kabisa. Nilikuwa nasubiri gari la kurudi nyumbani. Kondakta akakataa kunipakia naye, nikakodi bodaboda kwa hela niliyotumwa kununulia salfa, ile dawa ya unga ya mikorosho. Nilipofika mke wangu akaniuliza salfa iko wapi, nikafunua kikapu. Alininunia siku mbili. Siku ya tatu nikamkuta amekaa chini ya mwembe anamfunga mguu kwa vijiti na kipande cha khanga yake. Jina alimpa yeye. Alisema, wenzake sijui wako wapi, huyu amebaki.

Mguu ulipona ukabaki umepinda, ila kazi anaifanya. Kabla yake nilikuwa nalala dunguni, kwenye kile kichanja cha kulindia shamba, kufukuza nguruwe pori, na wewe dada ukiwa mtu wa kusini unajua kulala dunguni kulikuwa na hatari gani ile miaka ya simba. Baki alipokomaa nikawa nalala nyumbani kwangu. Nguruwe wakisogea anabweka, naamka na tochi, wanaondoka. Ndani haingii, ana kibanda chake chini ya mwembe na sahani yake. Akinilamba mkono naosha mara saba kabla ya swala, kama tulivyofundishwa chuo cha Kurani.

Mke wangu alifariki miaka mitatu iliyopita. Baada ya arobaini watu wakarudi makwao na mimi nikaacha kupika. Nilikuwa naweza kukaa siku nzima na mabibo mawili tu tumboni, yale matunda ya mkorosho. Baki naye akakataa kula. Nikimtupia muhogo anaunusa, anarudi kulala. Siku moja nikaona mbavu zake nikaingiwa na aibu, kwa sababu marehemu angenigombeza. Nikawasha moto, nikasonga ugali na mchuzi wa dagaa, nikamwekea. Hakugusa. Nikakaa chini, nikamega tonge langu, ndipo na yeye akala. Toka siku ile napika kila jioni. Dada, mimi nimekula kwa sababu ya mbwa. Sijamwambia mtu jambo hili, hata mwanangu.

Sasa shida yenyewe. Jumatatu mtoto wa jirani, msichana wa miaka minane, aliingia shambani kwangu kuokota mabibo. Mimi nilikuwa upande wa pili naokota korosho. Nikasikia ukelele. Nilipofika Baki ameshamng'ata kwenye shavu la mguu, damu inatoka. Mtoto anasema hakumfanya kitu, alikimbia tu. Bibi yake akampaka majivu, akamfunga kitambaa. Mama yake alikwenda naye zahanati, akaambiwa chanjo hakuna, aende mjini. Nauli hakuwa nayo, na mimi hela ya mnada wa korosho haijaingia, basi tukanyamaza pande zote mbili.

Huyu mama ndiye aliyekuwa ananiletea ming'oko, vile viazi vya porini, nilipofiwa. Sasa anapita mbele ya nyumba yangu bila salamu. Mwenyekiti wa kitongoji amesema mbwa auawe kabla ya wiki kwisha. Vijana wanasema nisipomuua watamtegea dagaa wenye sumu. Mwanangu aliye Dar es Salaam nilipompigia akasema huu ndio wakati, mbwa ni najisi, malaika hawaingii kwenye nyumba hiyo, mzee mzima nimekuwa kichekesho.

Kichaa Baki hana, namjua. Zamani alikuwa anachanjwa. Mke wangu ndiye aliyekuwa anamfunga kamba na kumpeleka kila walipopita watu wa mifugo, na kadi yake iko kwenye sanduku la marehemu. Baada ya hapo sikumpeleka tena.

Leo ni siku ya nne. Nikimuua nitakuwa nimemzika mke wangu mara ya pili. Nisipomuua nimepoteza majirani. Nina kosa kumpenda mnyama kiasi hiki? Nifanye nini?

*Mkulima, Mtama*

JIBU

Waaleikum salaam kaka yangu. Pole kwa msiba ambao naona bado haujakwisha, na pole kwa yaliyokukuta Jumatatu.

Wasomaji wajue kwamba ujumbe huu haukusubiri zamu yake. Nilipofika kwenye maneno "chanjo hakuna" nilipiga simu jioni ileile, maana suala la mtoto halingengoja nipange sentensi. Tuliyozungumza nayarudia hapa kwa sababu nina hakika kuna mtu mwingine, Newala au Nachingwea au Kilwa, ambaye amekaa na jeraha la mtoto lililopakwa majivu akisubiri lijifunge.

Kaka, umeniuliza habari za moyo wako na mimi nitafika huko. Lakini wa kwanza ni mtoto.

Kichaa cha mbwa kikishaanza kuonyesha dalili kwa binadamu, hakuna dawa ya kukirudisha nyuma. Karibu kila anayefikia hapo hufa. Lakini kabla ya dalili kuna muda. Virusi husafiri polepole kwenye mishipa ya fahamu kutoka kwenye jeraha kwenda kwenye ubongo, mara nyingi kwa mwezi mmoja hadi mitatu, ingawa wengine huwahi kuliko hapo na wengine huchelewa hata kupita mwaka. Chanjo inapenya kwenye muda huo na kuwahi kufika. Ndivyo alivyofanya Louis Pasteur kule Paris mwezi Julai mwaka 1885 alipoletewa mtoto wa miaka 9, Joseph Meister, aliyeraruliwa na mbwa mwenye kichaa siku mbili kabla. Mtoto yule aliishi akawa mtu mzima. Kwa hiyo siku ya nne si kuchelewa. Wa siku ya ishirini naye aende, asiseme basi tena.

Jambo linalotakiwa kufanywa dakika ileile ya kuumwa ni rahisi, na nasikitika kwamba hatulijui: maji yanayotiririka na sabuni, dakika 15 kamili, jeraha lisuguliwe hata kama mtoto analia. Sabuni inaua virusi. Majivu, mafuta ya taa na kitunguu havifanyi kazi hiyo. Simlaumu bibi, alifanya alichofundishwa na mikono yake ilikuwa ya huruma. Lakini mara nyingine, sabuni kwanza, kisha hospitali. Kama jeraha limetoa damu, kuna na dawa nyingine ya kinga inayowekwa pale pale kwenye kidonda, na daktari ndiye atakayeamua.

Ulisema mlinyamaza pande zote mbili kwa sababu ya nauli. Hapo, kaka, nilikukaripia kwenye simu na ninakukaripia tena mbele ya watu, kwa heshima. Mama wa mtoto hakuwa na nauli, lakini deni lile halikuwa lake. Mbwa ni wako. Nauli ni yako, sindano zote ni zako mpaka ya mwisho, na siku ambazo mama huyu hakwenda shambani ni zako pia. Mnada haujalipa? Una mbuzi. Una chama cha msingi cha ushirika ambacho kinajua una korosho ghalani. Una mwanao Dar es Salaam. Mtu anayeweza kutoa hela ya salfa kwa ajili ya mguu wa mbwa asiyemjua hashindwi kutafuta hela kwa ajili ya mguu wa mtoto anayemwita babu.

Ulinijibu neno moja tu, "Kweli," na kesho yake alfajiri mkaenda mjini.

Sasa tuje kwa Baki. Wanaotaka auawe leo wanadhani wanamlinda mtoto, na kumbe wanaondoa ushahidi. Mbwa mwenye kichaa anapofikia hatua ya kuambukiza kwa mate, hana siku nyingi. Ndiyo maana madaktari wanasema mbwa aliyeuma afungwe na aangaliwe siku 10 tangu siku aliyouma. Akizimaliza akiwa mzima, anakula, anakunywa, anamjua bwana wake, basi siku aliyouma mate yake hayakuwa na kichaa, na daktari anaweza kusimamisha sindano zilizobaki. Ukimuua siku ya tano na kumfukia, utakaa miezi na mama yule mkimtazama mtoto kila akipata homa. Mwambie mwenyekiti maneno haya haya. Nenda kwake na afisa mifugo wa kata, asiyasikie kwako peke yako. Na vijana wa dagaa uwaambie mbele ya wazee kwamba sumu haichagui, italiwa na kuku wa mtu au itaokotwa na mtoto mwingine.

Lakini nisikudanganye. Unasema kichaa hana, unamjua. Humjui kiasi hicho, hakuna anayemjua mbwa wake kiasi hicho. Katika siku hizi 10 akianza kubadilika sauti, kutokwa udenda, kushindwa kumeza, kuuma vijiti na hewa, au kulegea taya na miguu, usimguse. Usimlishe kwa mkono, usimfariji. Mwite afisa mifugo, na hapo itabidi auawe, na wewe unayelambwa mikono kila siku uende ukachanjwe kabla hujaanza kulia. Nimekwambia hivyo kwenye simu ukakaa kimya muda mrefu. Afadhali ulie ukiwa umejiandaa.

Nikuulize jambo, kaka. Kadi iliyo kwenye sanduku la marehemu umeshaitoa ukaitazama?

Umeniandikia habari za khanga iliyochanwa na vijiti vya mguu, na mimi ni kweli nililia. Lakini kilichonikaa zaidi ni ile kamba. Mwanamke aliyekununia siku mbili kwa ajili ya salfa ndiye aliyekuwa anaacha jembe, anafunga kamba, anakwenda na mbwa kilema kusimama juani na kadi mkononi. Huku kwetu tulipata bahati: kuanzia mwaka 2010, Lindi na Mtwara zilikuwa kwenye mradi mkubwa wa kuchanja mbwa wa kusini mashariki mwa Tanzania, uliosimamiwa na Shirika la Afya Duniani pamoja na serikali. Lengo lilikuwa kufikia mbwa 70 katika kila 100, kwa sababu wakifika hapo kichaa kinakosa pa kupita. Ila mbwa wanazaliwa na kufa haraka, na kinga nayo inaisha, kwa hiyo kazi ile haina mwaka wa kusema imekwisha. Mkeo alilielewa hilo bila semina. Mapenzi yake kwa Baki yalimfikia hata mtoto wa jirani, maana kila alipomchanja mbwa alikuwa anamchanja na kila anayepita chini ya mikorosho yenu. Wewe umerithi mbwa, kadi hukuirithi.

Umeniuliza kama una kosa kumpenda mnyama kiasi hiki. Kosa huna. Mimi binafsi nimekulia Mikindani, nyumba ambayo mbwa akikatiza uani maji yanamwagwa mpaka barazani, na hadi leo mbwa akinisogelea napanda kiti. Sijawahi kumgusa mbwa. Lakini nimesoma habari ya yule aliyekataa kula mpaka wewe umege tonge na nimeelewa kitu gani kilikuwa kinapita kati yenu. Kuna watu walikuja na sinia za wali kwenye msiba wako, wakafanya wema wao, wakaenda. Aliyebaki ni Baki. Usione haya kusema hivyo.

Na tuseme ukweli wa shamba pia, kwa wanaodhani mbwa huku ni anasa ya watu wa mjini. Kati ya mwaka 1990 na 2004 simba waliua watu zaidi ya 560 nchini, na Lindi ni miongoni mwa mikoa iliyoumia zaidi. Watafiti walipofuatilia chanzo walimkuta nguruwe pori: nguruwe anafuata mazao, mkulima anamfuata nguruwe usiku dunguni, simba anawafuata wote wawili. Mzee anayelala ndani kwa sababu mbwa anabweka nje hajafanya jambo la kuchekwa.

Mwanao asikukasirishe. Ana hoja, na sisi watu wa pwani tuliolelewa na madhehebu ya Shafi tunajua mate ya mbwa ni najisi. Lakini wewe unaosha mara saba, mojawapo kwa udongo, na mbwa wako halali ndani. Zaidi ya hapo katazo la kufuga mbwa limeacha mlango kwa mbwa wa shamba, wa mifugo na wa kuwinda, na Baki ni wa shamba. Mimi si sheikh. Nenda kwa sheikh wa msikiti wako umweleze, kisha mpigie mwanao mkiwa mmekaa pamoja. Kama bado ana shaka, mwambie asome Suratul Kahf, aya ya 18, wale vijana waliolala pangoni na mbwa wao amenyoosha miguu kizingitini. Mbwa yule hakuingia ndani wala hakufukuzwa. Na ile hadithi ya mtu aliyeshuka kisimani akajaza maji kiatuni amnyweshe mbwa mwenye kiu, Mungu akamsamehe, huyo kijana wako aliisoma chuoni kama sisi wote.

Ila nina wasiwasi kwamba mwanao hagombani na mbwa. Amefiwa na mama, yuko mbali, baba hamwambii kitu, akipiga simu anasikia habari za Baki. Umeniandikia mimi nisiyekujua kwamba uliacha kula, yeye hujamwambia. Mwambie. Usiseme "nimekuwa mpweke", sema hivi hivi ulivyoniambia mimi, habari ya ugali na tonge. Kisha mwombe aje msimu huu akusaidie kuokota.

Maneno yako ya kumzika mke mara ya pili nimeyafikiria sana. Naogopa kukujibu vibaya. Baki ana miaka saba au zaidi, mguu mbovu, na hata siku hizi 10 zikipita salama atakufa kabla yako, Mungu akipenda. Siku hiyo usiwe na jirani hata mmoja wa kukuletea ming'oko? Mama huyu alikuja kwako ulipofiwa. Huwezi kumpoteza kwa ajili ya kumlinda mbwa, kwa sababu ukimpoteza, hata Baki hatakuwa na pa kukaa kijijini hapo.

Kwa hiyo nenda kwake. Usiende na maelezo ya mtoto alikimbia au mbwa alishtuka. Mtoto wa miaka minane kuokota mabibo chini ya mkorosho wa jirani ni desturi yetu toka enzi, kosa halimo. Chukua mzee mmoja anayeheshimika na mwanamke mmoja wa ukoo wako, mwende jioni. Sema, "Mama, nimekukosea. Mbwa wangu alikuwa hajachanjwa na nilinyamaza." Usiombe hapo hapo akusamehe mbwa. Omba samahani ya kunyamaza. Kama hatajibu, shukuruni mrudi, na kesho yake gari la kwenda kwenye sindano ulilipe kama kawaida.

Na Baki asirudi kuzurura mchana. Funga waya imara kati ya mikorosho miwili, upitishe pete yenye mnyororo, awe anakwenda na kurudi kivulini na maji karibu. Usimfungue hata usiku mpaka siku 10 zipite salama; baada ya hapo mfungue usiku watu wakilala. Siku 10 zikiisha apelekwe chanjo, na kila mwaka tena, na tarehe iandikwe kwenye kadi ile ile ya mkeo kama bado ina nafasi. Ongea na afisa mifugo pia kuhusu kumhasi, huenda akatulia.

Leo ninapomaliza kuandika ni siku ya tisa. Jana mtoto kachomwa sindano ya pili, umeniambia mama yake amekuitikia salamu lakini hajasimama. Baki yuko kwenye waya, juzi usiku alibweka, jana alikula ugali wote na kulamba sahani. Kesho ndiyo ya kumi. Nipigie baada ya magharibi, hata kama huna la kusema, uniambie kama amekula na kama wewe umekula.